Lami, luseni na mbuga: tairi la pikipiki katika barabara za Simiyu

Asubuhi ya Desemba, mvua ikiwa imenyesha tangu saa kumi za usiku, bodaboda anaondoka Bariadi mjini na abiria mmoja nyuma na mfuko wa mbegu za pamba juu ya tangi. Anaanza na lami, ile iendayo Lamadi. Akipita viwanja vya Nane Nane vya Nyakabindi anakata kona na kuingia barabara ya moram. Moram ikiisha inakuja njia ya mchanga ambao Wasukuma huuita luseni, na bondeni, kabla ya kupanda tena hadi kwenye mji wa abiria wake, anakutana na mbuga: udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka nyufa kiangazi na kugeuka gundi mvua zikija. Safari yenyewe haijafika saa moja. Matairi yake mawili yamekwisha kukanyaga ardhi nne zisizofanana, na kila moja imedai kitu tofauti kwenye mpira uleule.

Vijana wakija kununua tairi huuliza lipi ni bora. Swali hilo halina jibu. Tairi linaloshika vizuri lami ya kutoka Lamadi kupitia Bariadi na Maswa hadi Mwigumbi, takriban kilomita 170, laweza kukulaza kwenye bonde la Itilima kabla hujabadili gia. Na lile lenye meno makubwa linalopasua tope la Meatu litakupeleka pembeni ya kona ya lami iliyolowa huku ukiwa mwendo wa kawaida tu. Jina la kampuni lina uzito mdogo kuliko mambo matatu yaliyo mikononi mwa mwendeshaji mwenyewe: ardhi anayoikanyaga siku nyingi zaidi, mzigo anaobeba, na upepo aliojaza. Katika hayo, upepo ndio wenye gharama ndogo kabisa, na ndio unaopuuzwa kuliko yote. Kwa hiyo naanza na huo.

Tairi lenyewe halibebi mzigo. Anayebisha atoe upepo wote kwenye tairi jipya, akae juu ya pikipiki, aone rimu inavyoshuka hadi chini. Kinachobeba ni upepo. Mpira na nyuzi zilizofumwa ndani yake kazi yao ni kuufunga upepo huo usitoke, na kuikamata ardhi. John Boyd Dunlop, aliyepata hataza ya wazo hili mwaka 1888 akiwa Belfast, alikuwa daktari wa mifugo, na alianza kwa kufunga mpira wenye upepo kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe ili isimrushe juu ya mawe. Tangu siku hiyo matairi yamebadilika sana, lakini kanuni ni ileile.

Tupige hesabu. Pikipiki ya 125 au 150, aina zinazojaa vijiweni kwetu, ina uzito wa kama kilo 120. Weka mwendeshaji na abiria mmoja, kila mmoja kilo 70, inafika 260. Gurudumu la nyuma linabeba zaidi ya nusu yake, tuseme kilo 165. Ukiwa umejaza psi 32, kila sentimita moja ya mraba inayogusa ardhi inabeba kilo mbili na robo hivi. Gawanya, utapata sentimita za mraba kama 73, yaani ukubwa wa kiganja ukikunja vidole. Mbele ni pungufu ya hapo. Viganja viwili vya mpira ndivyo vinavyowashikilia barabarani mwendeshaji, mama aliyekaa nyuma, na mtoto aliyembeba mgongoni.

Sasa fikiria yule anayejaza upepo hadi tairi likigongwa linalia kama ngoma. Desturi hiyo imeenea, na ina sababu zake: tairi gumu linapunguza pancha za kubanwa, mzigo mzito hauliminyi, na pikipiki inakwenda kilaini kwenye lami, mafuta yanapungua kidogo. Lakini ukipandisha kutoka 32 hadi 45, kile kiganja cha nyuma kinashuka kutoka sentimita 73 hadi kama 52. Tairi linasimama juu ya mgongo wake wa katikati tu. Kashata, yale matuta ya mpira yanayokanyaga ardhi, zinalika za katikati huku za pembeni zikiwa mpya, na baada ya miezi michache tairi linakuwa na uwanda bapa ambao, ukilala kwenye kona, unakurusha ghafla badala ya kukupeleka taratibu. Spoku zinalegea, kwa sababu kila jiwe linapiga rimu moja kwa moja. Na breki inachelewa. Pesa iliyookolewa kwenye mafuta inalipwa dukani kwa tairi lililokufa mapema, na wakati mwingine inalipwa hospitali.

Upepo mdogo nao una ubaya wake, tena wa kujificha. Ubavu wa tairi unajikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka. Kujikunja huko kunazaa joto, na joto ndilo adui wa kwanza wa mpira. Nyuzi za ndani zinachoka, zinaachana, ubavuni unatokea uvimbe kama jipu. Tairi lenye jipu halitengenezeki. Litoe siku hiyohiyo.

Kipimo sahihi hakitoki kwenye kidole gumba, wala teke. Nimeona mafundi wazoefu wakiminya tairi na kusema limetosha, kisha kipimo kikaonyesha 20 mahali palipotakiwa 30. Pikipiki nyingi zina kibandiko, mara nyingi kwenye bamba la kufunikia cheni au kwenye mkono wa gurudumu la nyuma, kinachotaja upepo wa mbele, wa nyuma ukiwa peke yako, na wa nyuma ukiwa na abiria. Kwa aina hizi za bodaboda mbele huwa karibu 25, nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 ukiwa na abiria. Soma cha pikipiki yako. Kama kimebanduka, angalia kitabu chake. Pima asubuhi, tairi likiwa la baridi. Hapa watu wengi hukosea: wanapima mchana wa saa nane baada ya kutoka Maswa, wanakuta 36, wanapunguza. Upepo hupanda kwa joto, kama psi moja na nusu kwa kila nyuzi 10. Ukiupunguza wakati tairi ni la moto, kesho alfajiri utaondoka na tairi lililolegea bila kujua.

Kijiwe cha watu kumi na watano kinaweza kununua kipimo kimoja kizuri na pampu ya mguu, vikatunzwa na mwenyekiti wa kijiwe. Sijui kifaa kingine cha bei hiyo chenye kuokoa matairi na viungo vya watu wengi kiasi hicho.

Kuna imani moja ya vijiweni ambayo lazima niijibu kwa urefu, kwa sababu inasemwa na watu werevu. Wanasema kipara, yaani tairi lililoisha kashata, kinashika lami kuliko tairi jipya, na ushahidi wao ni mashindano ya pikipiki wanayoyaona kwenye televisheni: matairi yale hayana kashata hata moja, na pikipiki zinalala hadi goti na kiwiko vinagusa chini. Walichokiona ni cha kweli. Kwenye lami kavu, tairi lisilo na mfereji linaweka mpira mwingi zaidi ardhini. Mifereji kwenye tairi la barabarani iliwekwa hasa kwa ajili ya maji, ili yapate pa kukimbilia.

Lakini tairi la mashindano limetengenezwa likiwa laini hivyo, kwa mchanganyiko wa mpira unaofanya kazi ukiwa na joto la karibu nyuzi 100. Kabla ya mbio hufunikwa kwa blanketi za umeme ili lipate moto. Likipoa halishiki. Mvua ikinyesha, waendeshaji hubadili na kuweka matairi yenye mifereji. Na maisha yake ni mafupi mno. Tarehe 20 Oktoba 2013, kwenye uwanja wa Phillip Island nchini Australia, lami ilikuwa imewekwa upya, na Bridgestone, waliokuwa wakitoa matairi ya MotoGP, wakaona kwamba lami ile inayachoma matairi yao. Ikaamriwa kwamba hakuna tairi litakalokwenda zaidi ya mizunguko 10. Mbio zikakatwa kutoka mizunguko 27 hadi 19, na kila mwendeshaji akalazimishwa kuingia katikati na kubadili pikipiki. Marc Márquez, kijana aliyekuja kuchukua ubingwa wa dunia mwaka huohuo, alichelewa kuingia kwa mzunguko mmoja, akaondolewa kwenye mbio hizo.

Mizunguko 10 ya uwanja ule haifiki kilomita 45. Kutoka Bariadi hadi Maswa ni karibu kilomita 50. Yaani tairi la bingwa wa dunia lisingeruhusiwa kufika Maswa, na sababu ilikuwa ardhi tu: kampuni ileile, mabingwa walewale, lami mpya. Kama kuna funzo la uwanja wa mashindano linalotufaa Simiyu, ni hilo la kuanza na ardhi.

Kipara chetu hakifanani na tairi lile hata chembe. Kimekuwa laini kwa sababu mpira wake umeisha. Uliobaki ni tabaka gumu la chini, lililopikwa na jua miaka kadhaa, na chini yake ni nyuzi. Msumari unaozuiwa na kashata nene unapita moja kwa moja hadi kwenye tyubu. Matone ya kwanza ya mvua, yanapochanganyika na vumbi na oili iliyodondoka kwenye lami kwa miezi ya kiangazi, yanatengeneza utelezi mbaya kuliko mvua kubwa ya baadaye, na kipara hakina hata mfereji mmoja wa kuupitisha. Ukichunguza tairi utaona herufi TWI ubavuni, au mshale mdogo. Fuata alama hiyo hadi ndani ya mfereji, utakuta kijituta cha mpira. Kashata zikishuka hadi usawa wa kijituta, tairi limemaliza kazi. Wale wanaochonga mifereji mipya kwa kisu cha moto kwenye kipara wanakata nyuzi zinazobeba upepo. Naomba fundi yeyote anayesoma hapa aikatae kazi hiyo, hata mteja akimwongezea pesa.

Turudi kwenye ardhi yetu. Wasukuma waliupanga udongo kwa majina zamani sana kwa ajili ya kilimo: luseni juu kwenye miinuko yenye mawe, itogolo na ibambasi kadiri unavyoshuka, mbuga chini kabisa bondeni. Mwanasayansi Geoffrey Milne, aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliupa mpangilio wa namna hii jina la katena katika miaka ya 1930, maana yake mnyororo, na neno hilo linatumika leo duniani kote. Mkulima anajua wapi apande pamba na wapi apande mpunga. Mwendesha pikipiki anapita kwenye mnyororo huohuo, mlima hadi bonde, bonde hadi mlima, na anaweza kuusoma kwa faida yake.

Kwenye lami kavu, tairi zuri la kawaida linakamata sana. Hesabu ya fizikia inasema pikipiki iliyo mwendo wa kilomita 60 kwa saa, breki zote mbili zikitumika vizuri, inasimama ndani ya mita 18 hivi, ukiacha zile inazopita kabla mkono haujafika kwenye breki. Lami ikilowa zinakuwa karibu 28. Kwenye mbuga iliyolowa, ambako mshiko unaweza kushuka hadi robo ya ule wa lami kavu, ni mita 70. Hakuna duka linalouza tairi la kuifuta tofauti hiyo. Mwendo ndio wa kuipunguza.

Luseni, mchanga, hauhitaji meno makubwa kama wengi wanavyodhani. Meno makubwa yakizunguka kwa nguvu yanachimba shimo na gurudumu linajizika. Mchanga unataka kiganja kipana. Hapa ndipo kupunguza upepo kunaposaidia: mtu wa psi 32 nyuma akishuka hadi 27 au 28, na mbele akapunguza mbili au tatu, usukani unatulia na gurudumu linaelea. Zaidi ya hapo sishauri. Waendeshaji wa motokrosi hushuka hadi 12 au 14, lakini rimu zao zina kishikizi maalumu kinachobana tairi lisizunguke, na hawabebi abiria. Bodaboda ya tyubu isiyo na kishikizi ikishuka sana, tairi linatembea juu ya rimu na kuiburuza tyubu, na shingo ya valvu inachanika. Kuna dalili rahisi ya kuliona hilo mapema. Valvu inatakiwa isimame wima kuelekea katikati ya gurudumu. Ikianza kuinama upande, tairi limeshahama. Toa upepo, linyooshe, ujaze upya kabla haijakuwa pancha ya katikati ya pori.

Mbuga ni habari nyingine kabisa. Udongo ule una chembe ndogo mno zinazokunywa maji na kuvimba, ndiyo maana kiangazi unapasuka hadi mguu wa ng'ombe unaingia. Ukilowa, unajipaka kwenye tairi, unajaza nafasi zote kati ya kashata, na baada ya mita ishirini tairi lako la bei kubwa limekuwa gogo la matope lililo laini kuliko kipara chochote. Kisha tope linapanda, linajaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu la mbele linakwama, na pikipiki inasimama au inakulaza. Tairi linalofaa hapa ni lenye kashata ndefu zilizoachana, kwa sababu nafasi pana huachia tope gurudumu linapozunguka. Lakini nusu ya tatizo iko kwenye madigadi. Madigadi ya mbele iliyokaa karibu na tairi, nzuri kwa lami, ndiyo mtego wa mbugani. Mafundi wetu huiinua kwa vipande vya bomba na bolti ndefu, na ni kazi ya maana, mradi bolti zikazwe vizuri na madigadi isije ikashuka na kugusa tairi ukiwa kwenye lami. Beba kijiti kigumu cha kukwangulia. Na siku mvua imenyesha kweli, kushuka na kusukuma mita mia moja kunakwenda haraka kuliko kuanguka mara tatu.

Basi nichague lipi? Ndivyo vijana wanavyouliza baada ya maelezo yote haya, na wana haki. Kwa anayezunguka Bariadi mjini, Somanda, stendi, hospitali, na mara mojamoja Dutwa, ningeweka mbele tairi lenye mifereji mirefu inayozunguka, nyuma lenye kashata fupi zilizobanana. Kwa anayelala mjini lakini nauli zake ni za vijijini, nyuma aweke la kashata za kati zilizoachana kidogo, mbele aweke la mchanganyiko, si lile la meno makubwa. Meno makubwa mbele yanapinda kwenye kona ya lami, usukani unakuwa kama umekanyaga punje za mahindi. Wa Mwanhuzi ndanindani, anayeiona lami mara moja kwa wiki, aweke meno mbele na nyuma na apunguze mwendo siku ya kuja mjini.

Tairi la mbele linastahili heshima kuliko linavyopewa. Kijiweni nyuma hubadilishwa kila linapoisha kwa sababu linaisha haraka na linaonekana, wakati la mbele hukaa hadi lipasuke midomo. Wengine huchukua la nyuma lililochakaa na kulihamishia mbele, rimu zikiwa za inchi sawa. Ukikamata breki kwa nguvu, uzito wote unahamia mbele, na sehemu kubwa ya kusimama kwako inafanywa na gurudumu hilo. La nyuma likiteleza, mtu mwenye mazoea analirudisha. La mbele likiteleza, umeshafika chini kabla hujafikiri. Kama pesa inatosha tairi moja zuri tu, liweke mbele.

Unaponunua, soma ubavu. Ukiona 3.00-18, 3.00 ni upana kwa inchi na 18 ni kipenyo cha rimu. Likiandikwa 90/90-18 51P, 90 ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana, na 51 ni namba ya mzigo: maana yake kilo 195. Herufi P ni mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Namba ya mzigo ndiyo ningependa kila mmoja aijue. 42 ni kilo 150, 47 ni 175, 52 ni 200. Matairi mawili ya 3.00-18 yanayofanana kwa sura yanaweza kutofautiana: la 4PR mara nyingi ni 47, la 6PR ni 52. Pikipiki ya kilo 120 yenye watu watatu wa kilo 70 ni kilo 330, na mishkaki, yaani abiria wawili, ikikaa nyuma yote, gurudumu la nyuma linaweza kubeba 230. Hata lile la 52 limezidiwa kwa kilo 30. Msimu wa kuuza pamba, marobota yakifungwa nyuma ya kiti, mzigo unasogea nyuma ya ekseli na la mbele linakuwa jepesi kiasi kwamba usukani hausikii. Kanuni za mwaka 2010 zilizoruhusu pikipiki kubeba abiria zilitaja abiria mmoja. Tairi nalo linasema hivyohivyo, kwa namba.

Tafuta pia namba nne ndani ya kiduara kirefu, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kuna matairi yanayoning'inia nje ya maduka yetu msimu baada ya msimu, jua la Simiyu likiyapiga mchana kutwa. Yana kashata zote, yanang'aa kwa sababu yamepakwa mafuta, lakini ukiukunja ubavu unaona nyufa ndogondogo kama ukoko wa mbuga. Mpira unazeeka kwa jua na hewa hata kama haujatembea. Usilinunue la namna hiyo, hata likipunguzwa bei.

Siku ya kufunga, kuna mshale ubavuni unaoonyesha upande wa kuzunguka. Baadhi ya matairi yana mishale miwili, mmoja wa likiwa mbele na mwingine wa likiwa nyuma, ikielekea kinyume. Fundi mwenye haraka huipuuza. Mwombe kwa upole aangalie. Nukta ya njano, kama ipo, ikae kwenye valvu. Utepe wa rimu uwepo, na vichwa vya spoku visitokeze, maana pancha nyingi zinazolaumiwa miiba zimetoka ndani. Na tairi jipya lina utelezi wa kiwandani juu yake. Kilomita 100 za kwanza nenda taratibu kwenye kona.

Miiba yenyewe ni ya kweli, hasa ya migunga ukielekea Itilima na Meatu. Ukipata pancha, usiridhike na kuziba tu. Pitisha vidole ndani ya tairi, pole pole, hadi uupate mwiba uliosababisha. Ukiuacha, kesho unaziba tena palepale. Tundu mbili zilizokaa sambamba kama meno ya nyoka ni habari tofauti: tyubu imebanwa kati ya jiwe na rimu, maana yake upepo ulikuwa mdogo. Tairi lililochanika na kuwekewa kipande cha tairi kuukuu ndani lipelekwe nyumbani kwa mwendo wa miguu, na lisibebe abiria tena.

Najua kinachozuia haya yote, na si ujinga. Kijana anayepeleka hesabu kila jioni kwa tajiri wake, au aliye kwenye mkataba na bado ana miezi minane ya kumaliza, akitoa fedha ya tairi leo hesabu inapungua leo. Tajiri anasema tairi ni la dereva. Dereva anasema pikipiki si yangu. Katikati ya maneno hayo kuna kipara. Ningewaomba wenye pikipiki waandike tairi kwenye mkataba kama wanavyoandika oili: nani anunue, la aina gani, na litolewe likifika alama ipi. Pikipiki iliyoanguka hailipi hesabu, hata kwa tajiri asiyemjua abiria wala dereva.

Tairi likifika mwisho wake, fundi viatu analisubiri. Ndilo linalokuwa katambuga, kiatu kinachoweza kukata mbuga bila kuogopa miiba, na tyubu yake inakatwa mipira ya kufungia mizigo. Huko kipara ndipo mahali pake.

Na yule kijana wetu wa Desemba, akiwa amemshusha abiria na mfuko wa mbegu, atarudi kwa njia ileile. Mbugani atakwangua madigadi. Kwenye luseni ataelea na 27 zake. Akifika ukingo wa lami, kabla ya kupanda, asimame, akwangue tope lililobaki kwenye kashata, atazame valvu kama zimesimama wima, na apige pampu arudishe nyuma 28 ikiwa yuko peke yake, 32 ikiwa kuna mzee pale njia panda anayemngoja ampeleke mjini. Kwa pampu ya mguu ni kazi ya dakika mbili.